Muulize Fundi: Kunguru wetu wanatetemeka kama wana homa

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi ni wanafunzi saba wa chuo hapa Dar es Salaam, wanne tunasoma umeme, watatu sanaa. Tumetengeneza kunguru 16 kwa vitambaa na njiti za miavuli mibovu, tukawapanga juu ya waya kama wale wanaokaa kwenye nguzo za umeme. Mtu akipita, sensa ya PIR, inayohisi joto la mtu anayetembea, inamwona na vichwa vyote vinamgeukia. Kila kichwa kina sevo moja ya SG90, yaani mota ndogo inayogeuka mpaka pembe unayoiamuru; zote zinaongozwa na kibao cha PCA9685, kinachogawa ishara kwa sevo, na Arduino Uno, kile kibao chenye kompyuta ndogo inayoendesha programu. Tukijaribu watatu, safi kabisa. Tukiwasha wote wanatetemeka, halafu programu inaanza upya. Maonyesho yanaanza Ijumaa ya wiki ijayo, yatadumu siku 6, kila siku saa 3 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Mwenzetu mmoja anataka tuongeze na mbawa zipige. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba wanangu. Huyo wa mbawa mwambieni akae kwanza. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawawe, nami kwa siku zilizobaki naomba muwe waoga.

Homa ya kunguru wenu ni njaa tu. SG90 moja ikianza kusukuma kwa nguvu au ikikwama inaweza kuvuta miliampea 650 hivi. Zidisheni kwa 16, mmeshavuka ampea 10. Nanyi, hamkusema lakini nakisia, mmechukua umeme kwenye pini ya volti 5 ya Arduino iliyochomekwa kwenye laptopu, na USB ya Uno ina fyuzi ya miliampea 500. Vichwa vikigeuka pamoja volti inaanguka, Arduino inazimika, inawaka, inawaamuru wote wageuke, inazimika tena. Ngamia wa kinu.

Nunueni pawasaplai ya volti 5, ampea 10 (itatosha, maana hatutawageuza wote kwa mpigo), yale maboksi ya bati yenye matundu wanayofungia taa za LED za mabango. Kariakoo yapo. Umeme wake uingie kwenye skrubu za PCA9685 moja kwa moja, usipitie Arduino. Kisha unganisheni hasi ya pawasaplai na GND, yaani pini ya hasi, ya Arduino. Hapa ndipo vijana wengi wananiletea kazi wakilia: bila hasi kuwa moja, ishara haina pa kurudia, na kunguru watatetemeka hata mkiwapa umeme wa nchi nzima. Karibu na kibao cha PCA9685 wekeni kapasita, kile kikopo kinachotunza umeme kidogo wa akiba, ya maikrofaradi 1000, volti 16, na muangalie ule mstari wa hasi ubavuni; ukigeuzwa inapasuka. Zile waya nyembamba za majaribio acheni zibebe ishara tu. Umeme upite kwenye waya wa 1.5, ule wa kufungia taa za nyumba.

Sasa sogeeni kwenye sanaa, maana dawa ya pili iko huko. Asubuhi moja nendeni Feri, soko la samaki, mkawaangalie kunguru wenyewe. Hawageuki kwa mpigo kama askari kwenye gwaride. Mmoja anakutazama, wa tatu anamfuata, yule wa pembeni anajifanya hajakuona, halafu ghafla anakukodolea. Kwa hiyo pangeni programu igeuze wawili wawili, na mwachano wa milisekunde 200 au zaidi. Mzigo utashuka, nao watafanana na kunguru. Kichwa kikishafika, kateni ishara ya sevo hiyo. Kitambaa ni chepesi, kichwa kitabaki pale pale, na mota haitanguruma wala kupata moto.

Kinachonitisha zaidi ni hiyo PIR. Chumbani mnapita mmoja mmoja. Ukumbini watu hawakatiki, sensa itabaki imeamka kwa muda wa saa 9 mfululizo, na giya za SG90 ni plastiki. Mwaka 1970 msanii Edward Ihnatowicz aliweka roboti yake iitwayo Senster pale Evoluon, jumba la maonyesho ya sayansi mjini Eindhoven, Uholanzi. Dude la chuma la zaidi ya mita 4, shingo kama twiga. Sauti ndogo ilimvutia, akainama kusikiliza. Kelele zikizidi alirudi nyuma. Igeni woga huo. Sensa ikiwa imeamka kwa dakika nzima, kunguru wageukie ukutani, wanyamaze dakika mbili. Watazamaji watadhani wamenuniwa, kumbe mota zinapumua.

Jumamosi hii washeni asubuhi, mzime jioni, wafanye kazi kwa muda wa saa 9 kamili. Msikae kuwabembeleza, nendeni mkafue nguo. Mkirudi gusa kila mota kwa kidole na andika namba ya iliyochemka. Namba hiyo iwe kwenye kunguru, kwenye plagi yake na kwenye kibao, la sivyo siku ya kufunga mtabishana hadi usiku. Akiba ya sevo 5. Waya upite juu kuliko mkono wa mtoto, kwani mkia wa kunguru hauna mtoto asiyeuvuta. Kwenye kirikuu vichwa visafiri peke yake, vimeviringishwa kwenye khanga.

Mwachieni na mlinzi karatasi yenye maneno machache: swichi ipi ya kuwasha, na wakikwama zima, hesabu kumi, washa. Mimi nilishawahi kutengeneza mkono wa bati unaopungia wageni kwenye banda la maonyesho. Siku ya pili ukagoma. Nikafungua kila kitu, nikachoma vidole kwa lehemu ya moto, nikabadilisha mota nzima kwa hela yangu. Saa 8 mchana ndipo nikainama chini ya meza: mama wa usafi alichomoa plagi yetu, akachomeka birika lake la chai.

Yenu ifungeni tepu.