Sampuli ya troponini bila saa, usiipime kwanza

Ninyi mnaoanza zamu maabara, jambo la kwanza nitakalowasumbua nalo ni saa. Fomu ya troponini, kipimo cha damu cha kuona kama moyo umeumia, ikifika dirishani bila saa ya kuchukuliwa damu wala saa maumivu ya kifua yalipoanza, nyanyua simu umuulize muuguzi. Atanung'unika. Mwache anung'unike.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa damu saa tatu asubuhi. Fomu ilisema maumivu yameanza 8:00. Nikasoma saa nane usiku. Kaseti, kile kipimo cha haraka cha mstari, ikatoa hasi, nami nikamhakikishia daktari kwamba saa 7 zimeshapita, muda unatosha. Kumbe muuguzi alimaanisha saa mbili asubuhi. Ilikuwa imepita saa 1 tu. Bahati ya yule mzee, daktari hakuipenda ECG yake, yaani mchoro wa umeme wa moyo, akamlaza. Sampuli ya alasiri ilitoa mstari mnene, yaani chanya. Tangu hapo naandika 02:00 au 14:00, na simwamini mtu anayeandika 8 peke yake.

Tofauti hiyo ya saa 6 si jambo dogo. Troponini ni protini ya ndani ya misuli ya moyo. Huvuja kwenye damu pale seli zinapoumia kwa kukosa hewa. Vipimo vya kawaida huanza kuiona baada ya saa 3 hadi 6, kisha hubaki juu wiki nzima au zaidi. Penye mashine zenye unyeti mkubwa, sampuli ya pili huchukuliwa baada ya saa 1 hadi 3. Sisi wa kaseti tunarudia baada ya saa 6, na hasi ya mapema tunaiandikia wazi: irudiwe. Kumbukeni pia kwamba mgonjwa wa figo anaweza kukaa na troponini ya juu miezi na miezi. Hapo daktari anatafuta kama imepanda au imeshuka kati ya sampuli mbili, na bila saa hawezi kujua lolote.

CK-MB, kipimo kingine cha moyo, mtaikuta kwenye fomu za zamani. Mayoglobini, protini ya misuli yote, nayo hupanda mapema sana, ila hata paja lililopondwa huitoa, kwa hiyo msihangaike nayo.

Mkihamia penye mashine, angalieni kizio. 0.04 ng/mL na 40 ng/L ni kitu kimoja. Nimewahi kuona watu wakikimbizana kwa sababu ya hiyo 40. Na damu ya chupa nyekundu iacheni igande vizuri kabla ya kuizungusha, dakika 30 hivi, kwani nyuzi za fibrini, zile za kugandisha damu, zikibaki huweza kuidanganya mashine ikapandisha majibu.

Jibu chanya halilali kwenye trei. Piga simu, andika jina la aliyepokea na saa. Kalamu ya kuandikia nimeifunga kwa kamba pale dirishani. Tafadhali msiikate.