Kwa wanafunzi wa Kijapani mnaokuja kukaa na familia Unguja

Wanangu, mnafika Unguja na sarufi iliyonyooka. Mliosoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Osaka hunitajia ngeli bila kusita, nami hufurahi sana. Hata hivyo, kila kundi jipya likianza masomo SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, naona makosa yale yale ya waliotangulia, na subira inanipungua.

1. Usiitikie kwa kichwa jambo ambalo hukulifahamu. Najua kwamba Japani msikilizaji huinamisha kichwa ili msemaji ajue kuwa anafuatwa, lakini kwetu mama wa nyumba akikiona kichwa kimeinama anajua mmekubaliana. Mwanafunzi mmoja aliambiwa wakati wa chai ya asubuhi kwamba nyumba nzima inakwenda msibani Makunduchi na kwamba ufunguo utaachwa kwa jirani; akaitikia kila neno kwa kichwa, akaenda darasani. Aliporudi adhuhuri alikuta mlango umefungwa, akakaa barazani mpaka magharibi bila chakula, huku jirani mwenye ufunguo akipita na kumsalimu, akidhani mgeni anapunga upepo, naye akijibu kwa heshima zote bila kuuliza lolote, kwa kuwa aliogopa kumsumbua mtu. Mama aliporudi na kumkuta katika hali ile alilia, akiamini kwamba amemdhulumu mtoto wa watu. Kijana alipomwona analia akazidi kuinama na kuomba radhi, na ilibidi niitwe usiku ule niwasuluhishe watu wawili ambao hawakuwa wamegombana. Kusema "Sikufahamu, mama" kungetosha, na hakuna mama wa Unguja atakayekasirika kwa hilo.

2. Mmelelewa msibakize hata punje ya wali, lakini hapa sahani tupu hujazwa tena. Bakiza kidogo, ushukuru, useme umeshiba.

3. Shikamoo hutangulia swali lolote, hata ukiwa umechelewa darasa.

4. Tokeni chumbani. Mnajifungia na daftari za msamiati, ilhali bibi yuko uani anazungumza tangu alasiri. Mwanafunzi wangu aliyeshika vizuri kuliko wote matumizi ya -nge- hakuyapata kwangu; aliyapata akiwa amekalia mbuzi, akikuna nazi vibaya, na bibi akimwambia, "Ungekuna taratibu, usingejikata." Nendeni mkamsaidie kukuna, na daftari mlifungue baada ya chakula cha usiku.