Muulize Mwalimu: Muswada ukifika kwenye tivii umeshaiva

Mwezi huu simu yangu imejaa maswali ya Bunge, sijui nini kimewapata, maana kawaida mnaniuliza viwanja na mirathi. Nimechagua matano, mengine yanafanana. Majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni mlimani, nakaa Pasua hapa Moshi. Juzi nilikuwa naangalia Bunge kwa kinyozi, muswada umesomwa, wabunge wamechangia weee, alafu Spika akasema wanaoafiki waseme ndiyo, wakasema ndiyooo, kwisha. Sasa sisi ambao sheria inatugusa tunaongea saa ngapi?

Marahaba mwanangu, pole na mlima. Pale kwa kinyozi ulikuwa umeshachelewa. Kile cha kwenye tivii ni chakula kinapakuliwa tu, jikoni walishamaliza, na jiko lenyewe linaitwa kamati.

Iko hivi. Muswada wa Serikali unatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, alafu bungeni unasomwa mara ya kwanza, na huko kusomwa ni kichwa cha muswada tu, hakuna mjadala, ukienda kuchukua chai ukirudi imeisha. Baada ya hapo unapelekwa kwenye kamati ya kudumu inayohusika, kama ni wa mambo yenu ya mlima na hifadhi unaenda kwa watu wa maliasili na utalii, kama ni wa kodi unaenda Kamati ya Bajeti. Kamati ndo inakaa na waziri na wanasheria wake wanapitia kifungu kwa kifungu, na kamati ndo yenye ruhusa ya kuita wadau waje kutoa maoni. Mdau ni wewe. Tangazo linatoka ofisi ya Katibu wa Bunge, linawekwa kwenye tovuti ya Bunge na saa nyingine magazetini, kwamba kamati fulani itapokea maoni tarehe fulani Dodoma, uje mwenyewe au utume maandishi.

Kinachofuata ndo ulichokiona: kusomwa mara ya pili, waziri anatoa hoja, mwenyekiti wa kamati anasoma maoni ya kamati, watu wanachangia, Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima, mara ya tatu, ndiyooo, muswada unaenda kwa Rais. Mbunge bado anaweza kuleta jedwali la marekebisho hapo mwishoni, sikatai, ila kwa nilivyofuatilia miaka yote hii marekebisho yanayopita kirahisi ni yale ambayo waziri alishakubaliana na kamati huko nyuma akaja nayo mwenyewe mkononi.

Ngoja nikupe kisa. Mwaka mmoja nilisindikiza kikundi cha wafanyabiashara wadogo wa hapa Arusha kwenda Dodoma kutoa maoni, basi la alfajiri, Babati, Kondoa, tumefika tumechoka kama magunia. Walikuwa wameandika kurasa sita nzuri sana, historia ya kikundi, changamoto, shukrani kwa viongozi, dua. Mama aliyekuwa anasoma amefika ukurasa wa pili mwenyekiti akamuuliza kwa upole kabisa, "Mama, unaongelea kifungu cha ngapi?" Kimya. Akageuka kututazama sisi, na sisi tukatazama meza. Nyuma yetu alikuwepo kijana wa kikundi kingine, ana karatasi moja tu ameichora safu nne: namba ya kifungu, maneno yaliyopo, maneno anayotaka yawepo, sababu. Kwenye kifungu kimoja alitaka "atafungiwa biashara" liwe "anaweza kufungiwa biashara", basi, neno moja, maana la kwanza linamlazimisha ofisa na la pili linampa nafasi ya kusikiliza. Akaulizwa maswali mawili, akajibu, akakaa. Wajumbe wote wakaandika. Sisi tulipewa asanteni sana kwa kuja.

Kwahiyo nyie wagumu muswada wenu ukija, msipeleke malalamiko ya mlima mzima. Tafuteni kifungu. Na siku hizi afadhali, maana tangu marekebisho ya 2021 lugha ya sheria ni Kiswahili, zamani ulikuwa unaletewa Kiingereza cha kimahakama unakaa na kamusi mpaka siku ya maoni inapita.

Kuna shimo moja ujue: hati ya dharura. Serikali ikisema muswada ni wa dharura, zile hatua zinabanwa, ulichotakiwa kukisoma wiki kadhaa unakisoma siku mbili tatu. Mwaka 2017 miswada ya rasilimali na madini ilikuja hivyo, ikapita mwanzoni mwa Julai, na asasi za kiraia zikalalamika muda hautoshi. Mimi mambo ya kutetea madini yetu nilikuwa nayaunga mkono kabisa, ila haraka ile sikuipenda, na sijaipenda mpaka leo.

Mwalimu za siku. Mimi nauza ndizi Tengeru, mume wangu anatokea Namanga kwahiyo kwetu tunaangalia sana tivii za Kenya. Wenzetu mawaziri wanakalishwa kitini wanaulizwa mpaka una hela kiasi gani, jasho linawatoka. Mbona wetu tunasikia tu saa nne usiku ameteuliwa fulani, kesho ameapishwa?

Nzuri dada, na hilo la saa nne usiku umenichekesha. Jibu fupi ni kwamba katiba zao na zetu zimeandikwa tofauti. Kwetu Rais anateua mawaziri kutoka kwa wabunge baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, na mawaziri hao hawapigiwi kura na Bunge. Anayepigiwa kura ni Waziri Mkuu peke yake, ndani ya siku 14 Rais akishaapa anatakiwa ateue, na huyo mteule hashiki ofisi mpaka wabunge wamthibitishe. Novemba 2015 Kassim Majaliwa alipata kura 258. Ila angalia, ile ni kura ya Bunge zima, jina linafunguliwa, wanachangia kidogo, wanapiga kura. Hakuna kamati ya kumkalisha siku nzima ikamuuliza shule alisoma wapi.

Kenya katiba ya 2010 ilitoa mawaziri bungeni, hawawi wabunge, na kwa kuwa hakuna mpiga kura aliyewachagua wakasema basi angalau Bunge liwapime. Jina likitoka kwa Rais linaenda kwenye Kamati ya Uteuzi ambayo Spika mwenyewe ndo mwenyekiti. Wananchi wanatangaziwa, mwenye pingamizi analeta kwa maandishi na hati ya kiapo, siyo umbea wa sokoni, unaapa kabisa. Mteule analeta karatasi za kodi, za polisi, za mkopo wa chuo kama alikopa, ndo anakalishwa kwenye kile kiti ulichokiona. Wanamuuliza mali zake, kesi zake, na wizara yenyewe anaijua au anaisikia.

Wanakataliwa kweli? Wachache. Agosti 2024 Stella Soi Lang'at aliyependekezwa wizara ya jinsia na utamaduni kamati ilisema hakuonyesha kuyajua vizuri mambo ya wizara, Bunge likakubaliana na kamati, wenzake 19 wakapita. Lakini 2022 kamati hiyohiyo ilipendekeza Peninah Malonza asipitishwe kwa utalii, ripoti ilipofika bungeni wabunge wakaipindua wakampitisha. Hapo dada ndo uelewe kamati inapendekeza tu, mwenye neno la mwisho ni Bunge zima. Kwahiyo lile jasho ni la kweli ila usidhani kila aliyetoka jasho ameanguka.

Wamarekani ndo wamelipeleka mbali, kwao Seneti inapitisha mawaziri, mabalozi, mpaka majaji wa Mahakama ya Juu kabisa. 1987 Robert Bork alihojiwa siku kadhaa kwenye kamati ya mambo ya sheria, kamati ikamkataa na Seneti nayo ikamkataa kwa kura 58 dhidi ya 42. Miaka minne baadaye Clarence Thomas kamati iligawanyika 7 kwa 7, wakampeleka mbele bila kumpendekeza, akapita 52 kwa 48, na bado yupo mahakamani. Na huko kwao, muswada mwenyekiti wa kamati akiamua kuukalia unaweza ukafia mezani kwake bila mtu kuupigia kura, jambo ambalo sisi kwa miswada ya Serikali hatulioni mara nyingi, sisi mingi ikija inapita.

Ukiniuliza mimi, ningependa wetu nao wakalishwe, hata nusu siku. Siyo ili waanguke. Ni ili mwenye ndizi Tengeru amsikie waziri wa kilimo kabla hajaapa, anajua mkungu unauzwaje.

Mzee mwenzangu, niko Monduli, mstaafu kama wewe. Naomba uwaeleze vijana tofauti ya kamati teule na hizi kamati nyingine, maana kijiweni wanachanganya Richmond na Escrow.

Nashukuru mzee mwenzangu, na swali kutoka Monduli nimelielewa. Kamati teule inaundwa kwa jambo moja, ikimaliza inavunjika. Ya Richmond iliundwa mwishoni mwa 2007, mwenyekiti Harrison Mwakyembe, kuchunguza zabuni ya umeme wa dharura iliyopewa kampuni hiyo ya Richmond, ripoti ikasomwa Februari 2008 na tarehe 7 mwezi huohuo Edward Lowassa, mbunge wenu na Waziri Mkuu, akajiuzulu. Wengi wanalisahau hili: alilalamika palepale bungeni kwamba kamati haikumuita kumhoji. Uwe unamkubali au humkubali, hilo lalamiko ni zito, kamati inayochunguza mtu bila kumsikiliza imejiachia tundu yenyewe.

Escrow, yaani sakata la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow pale Benki Kuu, ilikuwa kamati ya kudumu, ile ya Hesabu za Serikali, PAC, chini ya Zitto Kabwe, Novemba 2014. PAC ipo kila siku, kazi yake kuchambua ripoti za CAG, yule Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kuwaita wakubwa wa wizara wajibu. Ile ripoti ilisababisha Mwanasheria Mkuu Werema ajiuzulu, Profesa Tibaijuka akaondolewa uwaziri na Profesa Muhongo, waziri wa nishati na madini, akafuata kujiuzulu Januari. Waambie vijana kijiweni: Richmond teule, Escrow ya kudumu.

Mambo teacher, mimi ni chalii wa Njiro, nipo chuo. Lile Bunge la Afrika Mashariki lipo hapahapa town, linafanyaga nini? Lina kamati au wanakulaga posho tu?

Poa chalii, ila ungeanza na shikamoo. Lina kamati, tena zinatembea. Kila nchi mwanachama ina wabunge 9 wa kuchaguliwa, wanachaguliwa na Bunge la nchi yao lakini hawatakiwi kuwa wabunge wa Bunge hilo, lilianza 2001 na Spika wake wa kwanza ni Abdulrahman Kinana aliyewahi kuwa mbunge wa Arusha hapa. Muswada ukiingia kamati inafunga safari kwenda nchi wanachama kusikiliza wadau, ukirudi ukapita bado haujawa sheria mpaka marais wote wasaini, mmoja akigoma unarudishwa, ukipelekwa tena akagoma tena umekufa. Ndo maana zinazofika mwisho tunazihesabu. Ile ya vituo vya pamoja mpakani ya 2016 ni mfano, ukipita Namanga unagongewa muhuri jengo moja, mimi nakumbuka tulivyokuwa tunashuka na mizigo mara mbili.

Na kwa kuwa unasoma, fuatilia kisa cha Spika Margaret Zziwa. Desemba 2014 alivuliwa uspika baada ya kamati ya sheria, kanuni na haki kumchunguza, akaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ipo hapahapa Arusha, na 2017 mahakama ikasema kuondolewa kwake kulikiuka Mkataba. Kamati na mahakama zimekaa mji mmoja na bado utaratibu ukaharibika. Andikia tasnifu.

Posho wanalipwa, ndiyo.

Mwalimu, nikienda kamati ya Dodoma kutoa maoni wananilipia nauli? Na je wao wanaweza kuniita mimi kwa lazima? Fundi seremala, Majengo, Moshi.

Fundi, nauli ni yako, na ya kulala. Kama huna tuma maandishi, yanasomwa, mimi nimeona yakinukuliwa. Kukuita kwa lazima wanaweza, sheria ya kinga, madaraka na haki za Bunge inaruhusu shahidi aitwe, aape, alete na nyaraka, na ukikaidi au ukidanganya ni kosa. Ila seremala wa Majengo sioni watakuitia nini labda utengeneze madawati ya Serikali.

Ukienda mwenyewe beba kitambulisho, fika mapema kwa ajili ya ukaguzi getini, na nakala za maoni yako toa hukuhuku Moshi, za kutosha kila mjumbe, maana sisi tulisubiri tufike Dodoma na asubuhi ile kwenye fotokopi tulikuta foleni ya wadau wenzetu watupu.