Fundi safi, kaunta ya hovyo

Kila nikisema friji yangu ilitengenezwa ikapona, mtu ananiomba namba. Namba natoa, ila naitoa na maelezo, maana pale kwenye karakana kuna watu wawili tofauti kabisa. Yupo fundi wa nyuma anayeshika bisibisi, na yupo kijana wa mbele anayeshika simu na hela. Wa nyuma nampa kumi kwa kumi. Wa mbele ni shughuli nyingine. Ni karakana ndogo huku Sinza, jina naliacha, kwa sababu karakana nyingi za Dar ziko hivyohivyo, na mteja anayejua kuwatenganisha hawa wawili anafaidi ufundi bila kupigwa kwenye bei.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Friji yangu ni ya milango miwili, ile aina ya nofrosti, inayojiyeyushia barafu yenyewe. Juu nyama imekuwa jiwe, chini maziwa yanachacha. Kwanza nilimwita fundi wa mtaani. Akainama nyuma, akagusa kompresa, ile mashine inayosukuma gesi, akasema, "Gesi imeisha dada, tujaze tu." Nikamuuliza imetokea wapi. Akacheka, akasema gesi huwa inaisha tu. Nikampa nauli yake tukaagana kwa amani.

Hilo swali moja lishike. Gesi ya friji haiishi kwa kutumika kama ile ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na friji nyingine inazeeka na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna tundu. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia ubaridi wa muda mfupi, halafu anakusubiri urudi. Tena gesi ikipungua kweli, hata kule juu kuganda kunasuasua. Yangu ilikuwa inagandisha kama kawaida.

Basi nikaipakia kwenye kirikuu mpaka Sinza. Isafirishe ikiwa imesimama, na ikirudi nyumbani iache itulie saa kadhaa kabla ya kuchomeka, oili ya kompresa irudi mahali pake. Wenye magari watakushawishi ilazwe ili wapakie na mzigo mwingine. Kataa.

Fundi wa pale ni mzee wa makamo, mpole, haongei mpaka aulizwe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniwekea kigoda. Wala hakugusa kompresa. Alifungua friza, akatoa skrubu za kile kifuniko cha plastiki cha ndani, akakivuta taratibu. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa barafu nyeupe, koili haionekani kabisa. "Mwanangu," akasema, "ubaridi upo. Njia ndiyo imezibwa."

Akanieleza. Kwenye friji hizi ubaridi wote unatengenezwa na koili moja iliyofichwa nyuma ya friza, kisha feni inausukuma hadi chini kupitia kitundu. Koili lazima ishike barafu kidogo, kwa hiyo chini yake kuna hita inayowaka kila baada ya saa kadhaa kuiyeyusha. Hita ikifa, barafu inajaa, hewa haipiti, chini panapata joto huku juu panaganda. Akachukua mita yake ya mshale, akapima hita yangu: mshale ukalala. Akapima nyingine kutoka kwenye boksi la vipuri: mshale ukaruka. "Umeona?" Nikaona. Hakuna aliyewahi kunionyesha ubovu wa kitu changu namna ile, siyo friji, siyo gari.

Kumbe kuna namna ya kujipimia nyumbani kabla hujaita mtu yeyote. Toa vyakula, chomoa friji, acha milango wazi siku nzima na matambara chini. Ukiichomeka tena chini pakawa baridi safi kwa siku kadhaa, halafu joto likarudi, tatizo ni la kuyeyusha barafu: hita, sensa au taima. Siyo gesi. Lakini usichokonoe barafu kwa kisu. Ukitoboa bomba la koili ndipo hiyo gesi itakapotoka kweli, na friji nyingi za sasa zinatumia R600a, gesi inayoshika moto.

Sasa njoo kaunta. Nilikubaliana na yule kijana sh. 120,000, kila kitu ndani: kifaa, ufundi na kurudishiwa friji nyumbani. "Kesho mchana unayo dada yangu." Kishika uchumba cha sh. 50,000 kikatoka. Kesho ikaja, simu haipokelewi. Ikipokelewa, "Dada, tupo Kariakoo tunafuata kifaa." Keshokutwa yake pia wapo Kariakoo. Hita ambayo niliiona kwa macho yangu kwenye boksi, imekwenda Kariakoo kufanya nini? Baadaye fundi aliniambia friji ilikuwa imekwisha kutengenezwa muda mrefu, ila walikuwa wanasubiri kupata mzigo mwingine wa upande wetu ili gari lisiende na friji moja. Wangeniambia hivyo tu, ningekodi bajaji ya mizigo mwenyewe.

Ilipofika, bili ikasoma sh. 155,000. Eti usafiri, eti na kuosha koili. Hapo ndipo WhatsApp ilipoondoa ubishi, kwa sababu siku ya kwanza nilikuwa nimemwandikia: "Jumla 120,000 mpaka mlangoni, pamoja na waranti ya miezi mitatu, sawa?" Naye akajibu, "Sawa dada." Nikamwonyesha. Alinuna, akapokea iliyobaki, risiti ikatoka na waranti ikaandikwa kwa kalamu pembeni. Makubaliano ya mdomo na kaunta ya namna hii ni kelele tu. Andika, hata kama ni mstari mmoja, na asubiriwe mpaka ajibu.

Droo ya mboga haikurudi. Ilitafutwa, ikaja baadaye kwa bodaboda ikiwa na ufa, na hakuna aliyekiri. Kwa hiyo droo, vioo vya rafu na trei za barafu zibaki nyumbani, fundi hazihitaji. Piga picha mwili wa friji kila upande kabla haijapakiwa, na kibandiko chenye namba ya modeli pia. Kifaa kibovu kilichotolewa kidai. Hita yangu mbovu nilipewa bila maneno, kwa sababu nilimwomba fundi, siyo kaunta.

Wiki chache baadaye chini pakaanza joto tena. Kaunta wakaniambia waranti ni ya kifaa, siyo ya waya, kabla hata hawajajua kama ni waya. Nikapiga simu kwa fundi moja kwa moja. Alikuja jioni, begi mgongoni, akafungua kilekile kifuniko, akakuta soketi ya hita imelegea, pengine kwa mtikisiko wa njiani. Akaikaza, akaifunga na kibano cha plastiki, akakubali maji ya kunywa tu. Senti moja hakuchukua.

Namba ya fundi basi iombe siku ya kwanza, ukiwa naye huko nyuma. Lakini malipo yapitie mbele, tena kwa risiti. Wapo wanaoshauri umwite fundi pembeni akufanyie kazi kwa bei ya chini usiku, na mafundi wengi wanakubali kwa sababu mishahara yao ni midogo. Ukifanya hivyo, kifaa kikigoma tena huna karatasi, fundi anaogopa kazi yake, na kaunta watakuuliza wewe ni nani.