Pleti haina mdomo, ila inakunywa

Wadogo zangu, juzi nimemkuta mmoja wenu anaanza kuchagua mayai ya samaki kwa lile jaribio letu la kupima sumu ya kemikali, saa nne asubuhi. Taa za matangi huwaka saa kumi na mbili! Nimenyamaza kwa heshima, sasa nasema.

1. Danio, yaani samaki wetu wadogo wa milia, hutaga mara tu taa zinapowaka, na mayai yanatakiwa yawe kwenye dawa inayopimwa kabla hazijapita saa 3 tangu kutungishwa. Tegeni wavu, la sivyo wazazi watakula watoto. Kundi ambalo mayai yaliyotungishwa hayafiki asilimia 70, mwageni. Yai lisilotungishwa huganda likawa jeupe, nawe utaliandika marehemu wa sumu, na sumu ya watu haijafanya kitu.

2. Mwongozo wa jaribio hili, namba 236 wa OECD (shirika la nchi la ushirikiano na maendeleo ya kiuchumi), wa 2013, una dalili nne za kifo: kuganda, kukosa pingili za mwili, mkia kutojinasua kwenye kiini cha yai, na moyo kutodunda. Mgongo uliopinda haumo, uandikeni pembeni. Moyo nao usiutazame kwa jicho la kupita. Kaa kwenye hadubini dakika nzima. Nimeona mtu akimzika kijana ambaye mkia wake bado unatikisika.

3. Pleti, ile trei ya plastiki yenye visima vidogo. Hapa nivumilieni.

Nilipewa kiuatilifu cha jamii ya pairethroidi, kitu kisichopatana na maji hata kidogo. Nikapima, nikazimua, nikaweka viinitete 20 kwa kila ukolezi, kimoja kimoja kwenye kisima chake, nyuzi 26, safi kabisa. Saa 96 zilipotimia hakuna aliyekufa, hata kwenye ukolezi wa juu. Nikachora grafu yangu iliyonyooka kama barabara ya Dodoma, nikasimama mbele ya wakubwa kutangaza kwamba dawa haiui. Nilikuwa nimevaa hata tai.

Dada mmoja wa upande wa kemia akaniuliza taratibu, “Maji uliyapima mwishoni?” Nikamjibu kwamba ukolezi umeandikwa kwenye chupa. Watu wakainamia madaftari yao. Tukarudia, safari hii yeye akichukua sampuli, na baada ya siku moja tu sehemu kubwa ya dawa haikuwa tena majini. Ilikuwa imejishika kwenye plastiki. Kumbe muda wote ule nilikuwa nachunguza kama samaki wanaweza kuishi kwenye maji. Wanaweza. Ripoti ilikuwa imeshaondoka. Kuandika barua ya kuirudisha kuliniuma kuliko jaribio zima.

Kwa hiyo: jazeni pleti mmumunyo uleule saa 24 kabla, mwageni, wekeni mpya, badilisheni kila siku. Pimeni mwanzo na mwisho. Kioo kikiwepo, tumieni kioo.

4. Kimumunyisho, yaani kimiminika cha kuyeyushia dawa isiyopatana na maji, kama DMSO, kisizidi mikrolita 100 kwa lita. DMSO si maji ya baraka.

5. Kontroli, yaani makundi ya kulinganishia. Kwenye maji matupu wapone angalau asilimia 90, na dikloroanilini, sumu tunayoijua kuwa inaua, ya miligramu 4 kwa lita iue angalau asilimia 30. Mwaka jana kijana alikuja kwa furaha, “Kaka, wote wamepona, hata wa dikloroanilini!” Tukatafuta, tukakuta amezimua mara mbili. Jaribio zima likaenda kwenye ndoo ya taka za kemikali, naye akaenda kunywa chai bila kuaga. Na glavu, jamani. Ile dikloroanilini inapita kwenye ngozi, wala haichagui nani ni samaki.