Unahama ADSL? Kagua waya kwanza, bei baadaye

Anayetaka kuhama ADSL (intaneti ya waya wa simu ya mezani) au kubadilisha kampuni ya intaneti ya nyumbani huuliza kwanza kifurushi ni shilingi ngapi kwa mwezi. Kinachopaswa kutangulia ni waya gani unafika kwako na uko katika hali gani. Hapa Dodoma jibu linategemea mtaa. Sehemu za zamani za mji, zilizokuwa na simu za mezani, bado zinaweza kuwa na waya wa shaba. Ukiwa umejenga kwenye viwanja vipya, kama Iyumbu, usiutegemee waya huo. Hapo utachagua kati ya faiba (waya mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga) na ruta ya laini ya simu ya mkononi.

ADSL hupita kwenye waya uleule wa simu, na adui yake mkubwa ni umbali. ADSL2+, toleo lake lenye kasi zaidi, inaweza kufika megabiti 24 kwa sekunde (24 Mbps) ukiwa karibu sana na jengo la mitambo ya simu. Kilomita tatu ukipata 8 shukuru, na kilomita tano unaweza kuambulia 1 au 2. Umbali huo ni urefu wa waya unavyozunguka mitaani. Ukipima kwenye ramani kwa mstari ulionyooka utajidanganya.

Huna haja ya kukisia. Fungua ukurasa wa modemu (mara nyingi 192.168.1.1) kisha tafuta hali ya DSL. Kuna namba mbili za kuandika. Ya kwanza ni Line Attenuation, yaani kiasi ambacho mawimbi yamepotea njiani. Kilomita moja hula takriban desibeli (dB) 14, hivyo ukiona 42 ujue uko kama kilomita tatu. Ikizidi 55, hakuna kampuni itakayokupa kasi ya maana kwenye shaba hiyo. Ya pili ni SNR Margin, yaani akiba ya nguvu ya mawimbi juu ya kelele za waya. Juu ya 10 ni nzuri, chini ya 6 laini itakatika-katika. Ikiwa hiyo ya pili inashuka kila mvua inyeshapo, kati ya Desemba na Aprili, maji yameingia kwenye maungio ya waya. Nyanyua simu ya mezani, bonyeza tarakimu moja ili mlio uondoke, usikilize. Ukisikia mkwaruzo, waya ni mbovu, na kuhamia kampuni nyingine inayotumia waya huohuo hakutaponya kitu.

Kabla ya kulaumu kampuni, kagua pia ndani ya nyumba. Kila simu iliyochomekwa kwenye laini hiyo inahitaji filta yake (kifaa kidogo kinachotenganisha sauti na intaneti), hata ile ya chumbani ambayo haitumiki. Filta moja ikikosekana, intaneti hukatika simu ikiita. Chomoa simu zote, uunganishe modemu moja kwa moja kwenye soketi ya kwanza inapoingilia laini, upime tena. Laini nyingi zinazosemwa mbovu hupona hapo.

Kebo, yaani waya mnene wa televisheni wa ohmu 75, ni jambo jingine. Mahali inapouzwa na intaneti ndani yake, huizidi ADSL mbali kwa kasi ya kupakua, na umbali haiusumbui sana kwa kuwa njiani kuna vikuza mawimbi. Ila mtaa mzima mnagawana njia moja, kwa hiyo saa mbili hadi saa nne usiku ndipo ukweli hujulikana. Tena vikuza mawimbi hivyo vinakula umeme. Umeme wa mtaa vilipo ukikatika, sola yako haitakusaidia.

Faiba haina shida hizo mbili kwa ukubwa huo. Vigawanyio vya mtaani kwenye mfumo wa GPON (faiba moja inayogawanywa kwa nyumba nyingi) havitumii umeme, na kiasi kinachogawanywa ni kikubwa: gigabiti 2.5 kwa sekunde kushuka (kupakua) na 1.25 kupanda (kutuma). Kupanda ndiko wanakosahau wengi. ADSL hupandisha takriban Mbps 1 tu, mara nyingi pungufu. Faili la GB 1 kwa Mbps 0.8 huchukua karibu saa tatu, na mkutano wa video huganda mtoto anapotuma picha. Anayefanya kazi nyumbani na faiba imefika mtaani, kwa maoni yetu hana sababu ya kubaki kwenye shaba.

Ila faiba inaharibiwa na ufungaji wa haraka-haraka. Simama karibu na fundi. Waya usikunjwe kwenye kona kwa mzunguko wenye nusu kipenyo chini ya sentimita 3, usipigiliwe misumari juu yake, na getini upite juu kiasi cha lori la mchanga kuingia bila kuunasa. Kichwa cha kijani cha waya kifutwe kabla ya kuchomekwa. Vumbi letu la kiangazi linatosha kuzuia mwanga. Mwisho mwombe apime mwanga unaofika. Kifaa cha kawaida hukoma kusoma karibu na dBm -27 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga; namba ikizidi kushuka, mwanga ni hafifu zaidi), hivyo -18 hadi -23 ni salama. Akikuachia -26, uko ukingoni, na taa nyekundu ya LOS (ishara kuwa mwanga umepotea) inaweza kuwaka wakati wowote. Mrudishe palepale.

Umeme ukikatika, kifaa cha faiba nacho huzima. Kifaa na ruta vya volti 12 vinavyokula wati 12 kwa pamoja vitadumu takriban saa mbili na nusu kwenye betri ndogo ya mAh 8,800 (seli za volti 3.7).

Kuhama kwenyewe kuwe hivi: usikate ADSL hadi laini mpya imalize wiki mbili. Pima kwa waya wa mtandao uliochomekwa kwenye kompyuta, siyo kwa Wi-Fi, asubuhi na saa tatu usiku. Kumbuka Mbps 10 ni sawa na MB 1.25 kwa sekunde. Uliza kama kasi hupunguzwa ukifikisha kiasi fulani cha matumizi, na kama utapewa IP ya umma (anwani ya mtandao inayofikika kutoka nje), maana bila hiyo kamera za ulinzi zinazofunguliwa moja kwa moja kutoka nje zitagoma. Hakikisha pia namba ya simu ya mezani itabaki au itapotea.

Ruta ya laini ya simu ya mkononi inafaa kwa mpangaji au kwa akiba. Iweke dirishani upande wa mnara. Bati na ukuta wa tofali hula mawimbi.

Ukiridhika, peleka barua ya kusitisha huduma, ugongewe mhuri kwenye nakala yako. Modemu ikiwa ya kampuni, irudishe upewe risiti. Wakiendelea kukutoza, lalamika kwao kwa maandishi kwanza, ndipo uende TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Modemu ikiwa yako na ina Wi-Fi, usiitupe: ipe anwani 192.168.1.2 (ruta mpya ikiwa 192.168.1.1), zima DHCP (huduma ya kugawa anwani), chomeka waya kutoka ruta mpya kwenye tundu lake la LAN, na chumba cha mwisho kitapata Wi-Fi.