Hisa inayoruka juu nayo ni hatari?

Mkuu, umesema una laki tano, dalali amekupa karatasi yenye mkengeuko sanifu wa kila hisa (yaani mapato yake huyumba kiasi gani kutoka wastani wake), na unauliza kama uchague tu zenye namba ndogo. Mimi niko Malindi, nanunua hisa kidogo kidogo kwa pesa za msimu wa watalii. Karatasi kama hiyo siifuati peke yake.

Kipimo hicho hakibagui kupanda na kushuka. Tazama hisa mbili kwa miezi minne. Moja imeleta asilimia 1, 9, 1, 9. Nyingine 3, -2, 3, -2. Mkengeuko wa ile ya kwanza ni 4, wa pili ni 2.5, kwa hiyo karatasi itakwambia ya pili ndiyo salama. Salama ya wapi, na inakula mtaji kila baada ya mwezi?

Mimi naweka kwanza kiwango changu cha chini, tuseme asilimia 1 kwa mwezi. Mwezi ulio chini yake naandika upungufu wake na kuupigia mraba; uliofika au kupita naandika sifuri. Najumlisha, nagawa kwa miezi yote (si ile mibaya tu, hapo wengi huteleza), kisha natafuta kipeuo cha pili. Ya kwanza inatoa 0, ya pili kama 2.1. Harry Markowitz mwenyewe, mchumi aliyeanzisha mwaka 1952 nadharia ya kuchagua hisa kwa kupima hatari namna hiyo ya karatasi, alikubali mwaka 1959 kwamba semivarianzi (kipimo cha upande wa kushuka tu, kama hiki changu kabla ya kipeuo) huelekea kutoa chaguo bora. Alibaki na varianzi (mraba wa mkengeuko sanifu) kwa sababu hesabu yake ilikuwa rahisi na imezoeleka.

Kiwango chenyewe nakitoa kwenye riba ya bili za Hazina za siku 91, yaani mkopo wa muda mfupi unaoipa serikali. Na miezi minne ni mfano tu, wewe vuta miaka mitano au zaidi.

Halafu angalia umbali kutoka kileleni hadi shimoni. Safaricom ilipita shilingi 40 mwaka 2021, mwishoni mwa 2023 ikawa chini ya 15. Kutoka 40 hadi 15 ni kushuka asilimia 62.5, lakini kurudi 40 lazima ipande asilimia 167. Gawio lilikuwa likiingia, sawa, ila halizibi shimo la namna hiyo.

Jambo ambalo karatasi ya dalali haina kabisa ni kipato chako. Tarehe 13 Machi 2020, kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa nchini, soko la hisa la Nairobi liliporomoka hadi biashara ikasimamishwa siku hiyo. Huku kwetu wageni wakakatika na hoteli zikafungwa. Aliyetaka kuuza hisa ale, aliuza kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana hisa za hoteli sizigusi hata zikiwa na namba nzuri: zitashuka wakati ule ule mfuko wangu umekauka. Mwenye mshahara wa serikali hana haja ya kuogopa hilo kama mimi.

Tuwekee hapa bei za mwisho wa mwezi za hisa tatu za juu kwenye karatasi yako, useme na pesa utaihitaji lini. Ikiwa ni ada ya Januari, achana na hisa, ingia DhowCSD, mtandao wa Benki Kuu ya Kenya, ununue bili za Hazina.